Vikao 16 baada ya jukwaa la runinga: tathmini ya huduma ya ushauri nasaha

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya ushauri nasaha wa ana kwa ana, inayotolewa na kituo kidogo cha binafsi jijini Dar es Salaam, katika nyumba ya makazi iliyogeuzwa ofisi, kwa shilingi 60,000 kwa kikao cha dakika 50. Nilikwenda mara 16 kati ya Februari na Julai, nikilipa kutoka mfukoni mwangu. Jina la kituo sitalitaja, kwanza kwa sababu baadhi ya ninayoyalalamikia yamekwisha kurekebishwa, na pili kwa sababu watu ninaokaa nao kwenye benchi la kungojea hawajaomba wajulikane wanakokwenda Jumamosi asubuhi. Vituo vya aina hii viko kadhaa mjini, na ninachokiandika kitamsaidia anayekitafuta kujua aulize nini kabla hajatoa pesa yake. Kwa jumla naipa huduma hii nyota tatu na nusu kati ya tano, nami nalitumia neno hilo nyota kwa tahadhari, maana niliwahi kuitwa hivyo.

Niliingia kwenye shindano la kuimba la runinga miaka saba iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 22, nimetoka Tanga na begi moja na gauni la kuazima. Mtazamaji yeyote wa Afrika Mashariki aliyekua na Bongo Star Search au Tusker Project Fame anajua mambo hayo yanavyokwenda: majaji watatu au wanne mezani, mchujo wa kila wiki, machozi ya wanaoaga, na kura za ujumbe mfupi ambazo kila mshiriki hupewa namba yake. Yangu ilikuwa 11. Kwa miezi mitatu watu walinisalimia barabarani kwa namba hiyo kabla ya jina. Nilifika tano bora, na usiku wa kuaga kwangu nilisahau ubeti wa pili wa wimbo wa zamani wa dansi ambao niliujua tangu utotoni; bendi ikarudia kianzio mara mbili, kamera ikanisogelea, nami nikasimama nikitabasamu kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichokifuata. Kipande hicho cha sekunde 19 ndicho kilichobaki kwenye simu za watu.

Kilitulia miaka kadhaa, kikafufuka mwaka jana. Mteja mmoja alinirekodi dukani kwa shangazi yangu, Kariakoo, nikikunja vitenge, akaiweka video hiyo sambamba na kipande kile cha zamani, na juu yake akaandika neno moja tu: “Kafulia”, yaani kaishiwa. Siku ya kwanza nilicheka, kwa kuwa duka lile linanilipa vizuri kuliko muziki ulivyowahi kunilipa. Siku ya tatu sikucheka. Kufikia wiki ya pili nilikuwa naamka saa tisa usiku kusoma komenti mpya, nimejifunika shuka hadi kichwani ili mwanga wa simu usimwamshe mdogo wangu, na asubuhi nilikuwa nakosea chenji za wateja. Shangazi ndiye aliyesema niende kuzungumza na mtu. Nilimuuliza kama anataka kunipeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, kwa sababu hivyo ndivyo wengi wetu tulivyolelewa kuelewa jambo hili: ama uko sawa, ama uko Dodoma.

Niseme pia kipimo nilichokitumia, ili msomaji asidhani nadai makubwa kuliko yanayowezekana. Nchini Uingereza, kituo cha ITV kilitangaza Mei 2019 utaratibu wa kuwahudumia washiriki wa Love Island, shindano lake la runinga la kutafuta wapenzi, kufuatia vifo vya washiriki wawili wa zamani, Sophie Gradon mwaka 2018 na Mike Thalassitis Machi 2019. Utaratibu huo uliahidi angalau vikao 8 vya tiba ya mazungumzo kwa kila mshiriki anayerudi nyumbani, mafunzo ya kutumia mitandao ya kijamii na ya kusimamia fedha, na kumfuatilia kwa miezi 14 baada ya kipindi kwisha. Tangu Aprili 2021 Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa nchi hiyo, inazo kanuni zinazowataka watangazaji wawatunze ipasavyo watu walio hatarini kudhurika kwa kushiriki katika vipindi vyao. Sisi usiku wa kuaga tulipewa fulana tatu, picha ya pamoja iliyotiwa fremu na nauli ya basi. Sidhani waandaaji wetu walikuwa na nia mbaya; nadhani hakuna aliyewaza kwamba shindano likiisha kuna kitu kingine kinachoanza. Kwa hiyo huduma niliyoinunua mwenyewe miaka saba baadaye nimeipima kwa swali moja: je, inaweza kufanya kile ambacho kingefanywa wiki ile ile niliyoshuka jukwaani?

Nianze na kasoro iliyokaribia kunigeuza njiani. Siku ya kwanza niliingia nimevaa barakoa na ushungi, nikaandika jina langu la ukoo tu kwenye daftari la mapokezi. Dada aliyekuwa mezani alilisoma, akaniangalia, akaniangalia tena, kisha akasema kwa sauti ya furaha ya kweli kabisa: “Subiri, wewe si yule wa runinga, aliyesahau wimbo?” Watu wanne waligeuka. Sikuwa na la kusema. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua alisogea kunipisha kwenye benchi, akaendelea kutazama sakafu, na hadi leo sijapata kumshukuru kwa sakafu ile. Mahali ambapo mtu analipia faragha, mapokezi ndiyo huduma ya kwanza, na mwenye kituo anayemfundisha mshauri wake miaka mitatu halafu asimfundishe mpokeaji wake hata siku moja amejenga nyumba bila mlango. Nilipomweleza mshauri, hakumtetea mwenzake wala hakunieleza kwamba dada yule ana moyo mzuri, jambo ambalo nililijua. Alitoka, akakaa nje kama dakika mbili, akarudi akasema: “Hilo ni kosa letu, wala si lako kulizoea.” Wiki iliyofuata daftari liliondolewa, na kila anayefika alipewa kadi ya plastiki yenye namba.

Mshauri mwenyewe ni mama wa makamo, na umri wake ulinilazimisha kumwamkia shikamoo kila nilipoingia. Nalitaja hili kwa sababu lina uzito katika huduma ya namna hii. Niliogopa kwamba kwa mtu ninayemwamkia shikamoo nisingeweza kusema yale niliyokwenda kuyasema, hasa matusi niliyoandikiwa, ambayo mengine hayatamkiki mbele ya mkubwa. Alilitambua katika kikao cha pili, akasema: “Ukishaniamkia nami nikishaitika, mwanangu, adabu imetimia, yanayofuata ni kazi.” Tukafanya kazi.

Kazi ilianza na karatasi. Alinitaka nimpe mdogo wangu nenosiri la ukurasa wangu, naye achapishe komenti zote zilizoko chini ya ile video, bila kuchagua. Zilitoka kurasa 23. Mshauri akazisoma kwa sauti yake, taratibu, kwa sauti ya mama anayesoma barua ya shule, nami nikitakiwa kusema kila moja iende katika fungu gani mezani: matusi, kejeli, ukosoaji, huruma, maswali, na zile zisizonihusu kabisa, yaani watu waliokuwa wakigombana wao kwa wao kuhusu timu ya mpira chini ya picha yangu. Ilituchukua vikao viwili. Kilichonishangaza hakikuwa wingi wa fungu lolote. Kilichonishangaza ni kwamba majina yaleyale yalirudi na kurudi, mtu mmoja akiandika asubuhi, mchana na usiku, kiasi kwamba “watu wote wananicheka”, sentensi niliyoingia nayo mle chumbani, ilianza kupwaya mbele ya macho yangu. Mle ndani mlikuwa na kikosi kidogo chenye muda mwingi.

La pili lilikuwa zito zaidi, na ndilo linalonifanya niipendekeze huduma hii kwa Mswahili hata kama kasoro zake ni hizi ninazozitaja. Fungu la matusi lilipokamilika, niligundua kwamba halikuniuma. Matusi ya nguoni, yale ambayo mtandao wowote ungeyafuta, niliyasikia yakisomwa nikawa kama nasikiliza redio ya jirani. Yaliyonitoa machozi yalikuwa katika fungu ambalo mwanzoni nilitaka kuliita huruma. “Hongera dada, vitenge vinakupendeza kuliko maiki.” “Mungu hamtupi mja wake, hata duka ni riziki.” “Pole jamani, alikuwa anajitahidi.” Hakuna neno baya hata moja humo. Mgeni akizitafsiri atadhani nina marafiki wema. Lakini mtu aliyekulia Pwani, aliyewahi kukaa kwenye shughuli ya wanawake akasikia taarabu ikipigwa na kuona nani anainuka kutunza akimwangalia nani, anajua kwamba kijembe kizuri ni kile ambacho mwenye kurushiwa hawezi kukishitaki. Mshauri alilijua hilo bila kuelezwa. Alipofika kwenye ile ya vitenge na maiki aliweka karatasi chini, akatikisa kichwa, akasema: “Huyu ni fundi.” Tukacheka wote wawili, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kupona, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu mwingine alikuwa amekiona kisu nilichokuwa nakiona peke yangu.

Hapa nitatoka kidogo nje ya kituo nizungumzie zana ambazo kila mtu hukushauri uzitumie kwanza, nazo ni zile zilizomo ndani ya mitandao yenyewe. Mitandao mingi mikubwa inazo kwa majina mbalimbali: unaweza kuruhusu wafuasi wako pekee kuandika, unaweza kumfungia mtu, unaweza kumwekea mtu kizuizi ili komenti yake aione yeye tu akidhani imeonekana na wote, na unaweza kuandika orodha ya maneno ambayo komenti yenye neno lolote kati ya hayo hufichwa. Hiyo ya kizuizi cha kimyakimya ni nzuri mno. Inamwacha mpiga kelele aendelee kupiga kelele ndani ya mtungi. Hiyo ya orodha ya maneno, kwa mwenye ukurasa wa Kiswahili, ni kazi ya kuchota maji kwa ungo. Nilipoweka “umefulia”, ikapita “kafulia”. Nilipoweka “kafulia”, zikaja “amefulia”, “aliyefulia”, “walivyofulia” na “kufulia kwake”. Lugha yetu hubeba mtendaji, wakati na kitendo ndani ya neno moja, kwa hiyo tusi moja lina sura nyingi kama vile vitenzi vyote vilivyo na sura nyingi, na chujio linalotafuta neno zima kama lilivyoandikwa halijui kwamba hao wote ni ndugu. Basi mdogo wangu akaandika kila umbo aliloweza kulifikiria, akajaza orodha. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepata tangazo dogo la sabuni ya unga, la kwanza baada ya miaka miwili, na wateja walipouliza kama ni ya kufulia kwa mkono au kwa mashine, maswali yao yote yakafichwa. Mwenye sabuni alinipigia kuuliza mbona watu hawajaitikia.

Tena hata orodha ingekuwa kamili, isingeigusa ile ya vitenge na maiki. Chujio hutafuta neno, na fumbo kazi yake ni kulikwepa neno. Kwa hiyo mshauri aliponiambia zana hizo ni “kandambili, si viatu”, nilimwelewa: uzivae usiende peku, ila usipange safari ndefu nazo. Tulichokubaliana ni kwamba simu ya ukurasa ikae kwa mdogo wangu, yeye asome kila siku saa kumi na moja jioni kwa dakika 20, anisomee maswali ya kibiashara na ukosoaji wenye hoja, mengine ayaache huko. Alilipwa kwa vocha, na alikuwa mkali kuliko jaji yeyote niliyewahi kusimama mbele yake.

Fomu ndizo zilizonichosha. Kituo kinatumia njia ya tiba ya mazungumzo inayochunguza wazo, hisia na tendo, ambayo ni njia inayotumika sana duniani na ambayo sina ugomvi nayo. Lakini fomu zake zilikuwa zimetafsiriwa vibaya, zikiniuliza “kiwango cha hisia hasi kuanzia 0 hadi 100” na “ushahidi unaopinga wazo la kiotomatiki”. Nilizijaza kama mwanafunzi anayejaza mtihani, nikijua jibu linalotakiwa. Mshauri akizungumza mwenyewe alikuwa anauliza jambo lilelile kwa maneno sita: “Nani kasema, na wewe umesikia nini?” Kituo kingemwachia yeye aandike fomu upya kingeokoa karatasi nyingi.

Kuhusu kukataliwa, ambako ni jambo jingine mbali na matusi ingawa watu huyachanganya, huduma hii ilifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Matusi yana sauti. Kukataliwa ni simu isiyolia. Baada ya shindano nilialikwa harusini, kwenye uzinduzi wa maduka, kwenye redio mbili asubuhi moja. Baada ya mwaka nilikuwa napiga mimi, na baada ya miaka miwili waliokuwa wakiniita “dada yangu” walikuwa wakisoma ujumbe wangu bila kujibu. Kundi letu la washiriki kwenye simu lilikufa hivihivi, mtu wa mwisho akiwa amewatakia wenzake Eid njema na kubaki bila kuitikiwa. Nilimweleza mshauri kwamba watazamaji wa nchi nzima walinikataa. Akaniuliza ni mashindano gani niliyokuwa nayatazama kabla sijaingia, nikamtajia Big Brother Africa, maana katika umri wangu nani hakumtazama Idris Sultan mwaka 2014 akirudi nyumbani na dola 300,000? Akaniuliza wengine waliokuwa naye humo ndani. Nikaweza kuwataja wawili. Akanirudisha nyuma hadi msimu wa kwanza, mwaka 2003, ambao yeye aliutazama: walioingia walikuwa 12 kutoka nchi 12, akashinda Cherise Makubale wa Zambia, akifuatiwa na Mtanzania Mwisho Mwampamba, Gaetano Kagwa wa Uganda hakushinda, na bado sauti yake ilisikika redioni miaka mingi baadaye. “Shindano limetengenezwa ili kila wiki lipoteze mtu,” alisema. “Wewe umelichukulia kama ndoa.”

Sikulipenda jibu hilo siku ile, nilitoka nimenuna. Lilifanya kazi baadaye, nikiwa dukani, mteja alipokataa kitenge nilichomfungulia na kuchukua cha pembeni, nami nikakikunja kile cha kwanza bila kukionea huruma.

Kuna zoezi moja lililochukua muda wote huo. Tangu kikao cha kwanza alinitaka niimbe ubeti wa pili, mle chumbani, kwa sauti ya kawaida. Nilikataa. Kila kikao aliuliza mwishoni, kama konda anayeuliza kama kuna anayeshuka, nami nilikataa, naye akaandika tarehe ya kikao kijacho. Kikao cha 12 umeme ulikuwa umekatika, jenereta la jirani linanguruma dirishani, na sijui ni kwa sababu nilijua hatasikia vizuri, nikaimba. Niliimba vibaya. Nilikosea mstari wa tatu, nikarudi, nikaumaliza. Hakupiga makofi, na kwa hilo namshukuru kuliko kwa jambo lolote jingine alilolifanya, kwa sababu makofi yangenirudisha kulekule.

Pale ambapo huduma iliniangusha ni upande wa sheria. Mmoja wa wale wenye muda mwingi alivuka mpaka, akaanza kunitumia ujumbe wa faragha akielezea duka lilipo na saa ninayofunga. Mshauri alinishauri nimfungie na nimsamehe. Kumsamehe ni shauri langu na Mungu wangu. Nilichohitaji kuelezwa ni kwamba nchi hii inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 23 kinamkataza mtu kutuma mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia mwenzake simanzi, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Hayo niliyapata kwa mwanasheria mpangaji mwenzetu, kwenye ngazi, bure. Yeye ndiye aliyeniambia nisifute kitu, nihifadhi picha za skrini zinazoonyesha tarehe na jina la ukurasa, kisha niende polisi nikiwa nazo zimechapishwa. Kituo kinachopokea watu wanaoshambuliwa mtandaoni hakina budi kuwa na ukurasa mmoja wa maelezo haya pale mapokezi. Nchini Japani, Hana Kimura, mshiriki wa kipindi cha runinga cha Terrace House, alifariki Mei 2020 akiwa na umri wa miaka 22 baada ya kuandamwa mitandaoni, na mmoja wa waliomtukana alitozwa faini ya yeni 9,000 tu. Ilibidi sheria ya huko ibadilishwe mwaka 2022 ndipo kosa la kutukana likaweza kumpeleka mtu jela hadi mwaka mmoja. Sisi kifungu tunacho. Tunachokosa ni wa kutuambia kipo.

Mengine kwa ufupi. Vikao kwa njia ya video vinapatikana kwa bei ileile, nami nilivijaribu viwili nilipokuwa Tanga. Bando liliisha katikati ya kimoja, na kingine kilikatizwa na majirani waliokuja kumsalimia “nyota wetu” dirishani, kwa hiyo sivipendekezi kwa asiye na chumba chenye mlango. Kikao cha kundi cha Jumatano nilikwenda mara moja nikatoka. Waliokuwemo walikuwa wema, lakini nilikuwa nimechoka kuwa mbele ya watu. Malipo ni kwa simu au taslimu, risiti hutolewa bila kuombwa. Na mtu aelewe anachokinunua: mshauri nasaha si daktari wa magonjwa ya akili, hawezi kuandika dawa, na mama yule alilisema hilo wazi siku ya kwanza, akaniuliza kama nimewahi kufikiria kujidhuru, akasema jibu langu lingekuwa ndiyo angenisindikiza hospitali siku hiyohiyo kabla ya kuchukua hata senti. Nilikwenda na swali la vitenge nikaulizwa hilo, na sikuchukia.

Mama yangu, aliposikia yote haya mwezi wa tano, hakusema mengi. Alinitumia kanga kwa basi, imefungwa kwenye mfuko wa sukari, imeandikwa “Mtasema mchana usiku mtalala”. Niliivaa dukani siku moja, nikamtazama mdogo wangu akinitazama, nikaivua. Bado ilikuwa ni kuwajibu. Siku hizi naivaa nyumbani nikipika.

Bado nakwenda mara moja kwa mwezi. Jumamosi iliyopita benchi lilikuwa limejaa, mlango wa ofisi wazi, feni linazunguka kwa kusuasua, na dada yuleyule wa mapokezi alinipa kadi bila kuniangalia usoni, kama alivyofundishwa. Niliigeuza nikaona ni 11. Alipoiita niliinuka, nikapita katikati ya watu na magoti yao, na hakuna aliyegeuka.